Bunduki, Dubu na Ombi la Mtoto Mgonjwa

Mwaka 1996 kijana wa miaka 17 kutoka Minnesota, Marekani, mwenye uvimbe kwenye ubongo, aliulizwa na Make-A-Wish, shirika linalotimiza maombi ya watoto wagonjwa, anatamani nini kuliko vyote. Akajibu: kuwinda dubu wa Kodiak kule Alaska. Ombi likakubaliwa, chama cha wawindaji cha Safari Club International kikasaidia, na watetezi wa wanyama wakaja juu. Haikuchukua miaka mingi shirika likaweka sera: halitimizi tena ombi lolote linalohusu bunduki, upinde wa kuwindia, wala zana nyingine za kuwinda au kulenga shabaha. Ikawa zamu ya wawindaji kukasirika. Wengine walitangaza kwamba hawatachanga tena hata senti moja, na madai yao yanafufuliwa kila mara hadi leo kana kwamba sera imetoka jana.

Dai linalopigiwa kelele kuliko yote ni kwamba shirika limetekwa na watetezi wa wanyama, na sasa linawachukia wawindaji. Basi tuiangalie sera yenyewe. Inakataza hata mchezo wa kulenga shabaha. Mtoto anayetaka kutungua visahani vya udongo vinavyorushwa hewani naye atakataliwa, na kisahani hakina damu wala mtu wa kukililia. Kama nia ilikuwa kumnusuru dubu, katazo hilo limeingiaje humo? Sera imetazama kilichomo mkononi mwa mtoto. Mnyama aliye mbele yake hakutajwa.

Hata hivyo, sitalibeba shirika mgongoni hadi mwisho. Lilipoulizwa sababu lilitaja usalama. Sawa, lakini bunduki haikuanza kuwa hatari mwaka 1996, na kusema usalama tu bila kugusia zile kelele za watetezi wa wanyama ni kuwafanya watu watoto. Wangekiri kwamba kelele ndizo zilizowafanya waketi na kulitafakari jambo, halafu wakaona usalama peke yake unatosha kuwa sababu, uvumi mwingi ungekosa pa kushika.

Dai la pili linagusa moyo, ndiyo maana ni gumu kulijibu: ombi la mwisho la mtoto anayekufa halikataliwi. Hili limetokana na historia ya shirika lenyewe. Lilizaliwa mwaka 1980 huko Arizona, baada ya askari wa doria za barabarani kumvalisha sare mtoto wa miaka 7 aliyekuwa na saratani ya damu na kumrusha kwa helikopta, kwa kuwa alitamani kuwa polisi. Mtoto yule alifariki siku chache baadaye. Picha hiyo haijafutika. Lakini wanaohudumiwa leo ni watoto wa kuanzia miaka miwili na nusu hadi chini ya 18 wenye maradhi yanayotishia maisha, na wengi wao wanapona. Wanarudi shule, wanaoa, wanaolewa. Kwa hiyo swali la daktari anayesaini fomu ni kama mtoto ataweza kuendelea na matibabu akitoka safari aliyoiomba.

Na hapo ndipo wanaodai kwamba usalama ni kisingizio wanaponishangaza. Watoto wengi wanaotibiwa saratani huwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, mara nyingi upande wa kulia, chini kidogo ya mtulinga. Kina ukubwa wa sarafu nene, na mrija wake umeingizwa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Humo ndimo dawa zinamopitishwa, ili mikono isitobolewe kila wiki. Sasa mwombe mwindaji yeyote akuonyeshe anapoegemeza kitako cha bunduki. Ni papo hapo. Na bunduki ya kumwangusha dubu ambaye dume lake linaweza kupita kilo 500 ina teke la kumtikisa mtu mzima aliyeshiba. Ongeza kwamba dawa za saratani hupunguza chembechembe za kugandisha damu, hivyo kinachokuwa alama ya bluu kwa mwingine huweza kuwa kuvuja damu kwa huyu. Na kwamba kinga ya mwili imeshuka, wakati kambi iko kisiwani Kodiak, kwenye baridi, mbali na hospitali yake.

Wapo watoto wagonjwa wanaoweza kupiga bunduki bila shida. Lakini shirika lenye matawi nchi nzima, linalotegemea watu wa kujitolea, haliwezi kumwachia kila mmoja wao akadirie teke la bunduki na bega la mtoto.

Kuna wanaosema baba angempeleka mwanawe msituni bila kuomba ruhusa ya mtu. Ni kweli, na hakuna aliyemzuia. Baba anabeba dhamana ya mwanawe. Shirika linabeba dhamana ya watoto wa watu, pamoja na bima yake.

Upande wa pili nao una la kujibu. Baadhi ya watetezi wa wanyama walizungumza kana kwamba anayewinda ni adui wa pori. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku mwaka 1977, anaweza kuitikia haraka kuliko wa Tanzania, ambako vitalu vya uwindaji ni biashara halali. Huko Marekani, tangu sheria ya mwaka 1937, kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi hupelekwa majimboni kuhifadhi wanyamapori. Dubu wa Kodiak nao huwindwa kwa vibali vyenye idadi maalumu. Kijana wa Minnesota hakuomba kuvunja sheria, na kumsema kama katili akiwa katikati ya ugonjwa kulikuwa ni utovu wa adabu.

Limebaki lile la pesa: wawindaji wakisusia, shirika litajirudi. Hesabu hii imekosewa. Mchango ukikatwa, anayekosa ni mtoto mwingine aliyetaka kuona bahari au kukutana na mchezaji anayempenda, asiyejua lolote kuhusu bunduki. Isitoshe, wawindaji wenyewe walishapata jibu bora kuliko kususa. Mama mmoja wa Pennsylvania, Tina Pattison, alikuwa na mwana mgonjwa wa saratani aliyetamani kuwinda moose, yule kulungu mkubwa wa kaskazini. Make-A-Wish haikuweza. Akahangaika kupiga simu hadi akapata mwongozaji wa uwindaji huko Nordegg, Alberta, nchini Kanada, na watu wa mji ule wakampokea kijana kama wao. Mwaka 1999 mama huyo akaanzisha Hunt of a Lifetime, inayotimiza maombi ya kuwinda na kuvua tu. Mississippi nako ikaundwa Catch-A-Dream kwa kazi hiyohiyo. Humo wamo waongozaji wenye leseni, wenye mashamba na watu wanaoijua bunduki tangu utotoni, na majimbo kadhaa yamelegeza masharti ya leseni kwa ajili ya watoto hao. Mzazi ambaye mwanawe anataka kulungu leo anajua pa kupiga simu. Mwaka 1996 asingejua.