Mita Moja, Milango Kumi

Tarehe ya kwanza ikifika, keateka hubisha mlango kwa mlango ameshika karatasi iliyochanwa kwenye daftari. "Stima, mia tano." Ukimuuliza mia tano ya nini, atakujibu kwamba wenzako wameshalipa.

Wamelipa, ndiyo. Amelipa kibarua wa viazi ambaye baridi ya hapa kwetu Dundori humlaza saa mbili usiku, na ambaye mali yake yote ya stima ni balbu moja na chaja ya simu. Amelipa mia tano ileile jirani wa chumba cha pembeni mwenye friji, koili na pasi, na redio ambayo sote tunaisikiliza tupende tusipende. Halafu kuna taa ya lango na pampu ya kisima. Hizo ni mali ya landilodi, lakini zinakula tokeni yetu.

Dhuluma hiyo hata mtoto anaiona. Ya pili imejificha ndani ya bei, nayo ndiyo inayonikera zaidi. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani iliyoidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ina ngazi tatu: anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei nafuu kabisa, wa hadi 100 hulipa zaidi, na anayepita 100 hupigwa bei ya juu. Nafuu hiyo iliwekewa mnyonge. Sasa piga hesabu ya ploti ya vyumba kumi, kila kimoja uniti 15. Kila mpangaji angekuwa na mita yake, wote wangelipa bei ya chini. Lakini mita ni moja, na Kenya Power haioni milango kumi; inaona mteja mmoja wa uniti 150. Kibarua wa viazi analipishwa bei ya mwenye jumba la kifahari!

Landilodi husema mita ni ghali. Mbona hakusema mabati ni ghali akatuacha tunyeshewe? Na akishindwa kuomba mita za Kenya Power, basi anunue mita ndogo za kupimia kila chumba. Hizo hazitaturudisha kwenye bei ya mnyonge, nakubali, lakini angalau mwenye koili atalipia koili yake.

Yupo pia landilodi anayefunga mita ndogo kisha akaongeza shilingi kadhaa juu ya kila uniti. Huyo si landilodi tena, ni mfanyabiashara wa umeme, na Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka anayeuza umeme awe na leseni. Aionyeshe.

Taa ya lango ailipie mwenye lango. Nawe mpangaji mwenzangu, keateka akibisha mwezi ujao, usitoe hata shilingi kabla hajakuonyesha ujumbe wa tokeni kwenye simu: tarehe, uniti, pesa. Akikataa, wabishie hodi wale tisa wengine, mwende kwa landilodi pamoja.