Kagueni Bohari Kabla ya Mitumbwi

Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kupambana na uvuvi haramu katika maziwa ya Uganda. Nyavu za macho madogo hukamatwa na kuchomwa moto. Sipingi sheria. Ngege akivuliwa kabla hajazaa, kesho Ziwa George litabaki maji matupu. Swali langu ni moja: nyavu hizo zimetoka wapi? Mvuvi wa Hamukungu au Kahendero hana kiwanda. Amezinunua dukani, pengine kwa mkopo.

Mama yangu anauza ndoana, mishipi na chambo mjini Kasese. Wateja humwuliza nyavu hizo. Akisema hana, wanavuka barabara na kuzipata. Muuzaji mwaminifu anapoteza mteja, mvuvi anapoteza mtumbwi, lakini mwagizaji hapotezi kitu.

Mtasema mnunuzi naye ana kosa. Analo. Ila vijiji hivyo vimo ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ardhi ya kulima ni haba, na njaa haisubiri msimu. Kumchoma mvuvi na kumwacha mwenye bohari ni kufagia maji huku bomba liko wazi. Fungeni bomba kwanza.