Mdundo Una Mwenyewe



Kuna hoja ninaisikia sana kwa waimbaji wetu wa injili: "Pasta, huu mdundo tumeukomboa kutoka kwa dunia. Tumebadilisha maneno, sasa ni wa Yesu."

Leo nakujibu kwa upendo, lakini bila kuzunguka.

DJ Mark Ronson amejijengea jina kwa kufufua muziki wa zamani wa soul na fanki. Mwaka 2014 alitoa "Uptown Funk" na Bruno Mars, dunia nzima ikacheza. Lakini wenye masikio walisikia ndani yake wimbo wa 1979 wa The Gap Band, "Oops Up Side Your Head". Wenye haki wakadai. Mwaka 2015 majina ya watunzi watano yakaongezwa, wakapewa asilimia 17 ya haki za utunzi.

Na hao Gap Band walikuwa akina nani? Walikuwa ndugu watatu wa familia ya Wilson kutoka Tulsa, Marekani. Baba yao alikuwa mhubiri wa Kipentekoste, na walianza kuimba kanisani kwake.

Sasa niambie. DJ wa kilabu amelipa. Wewe uliyeokoka, unayefunga na kukesha, umelipa? Hata ruhusa uliomba?

Usiniambie mdundo ulikuwa wa Shetani. Aliyeutunga ana jina, ana watoto, analipa kodi ya nyumba. Ukiiba matatu ukaiandika "Yesu ni Bwana" kwenye kioo, bado ni matatu ya wizi!

Utasema hata huyo DJ alilipa baada ya kudaiwa. Ni kweli. Lakini Zakayo hakungoja kudaiwa. Yesu alipoingia kwake, yeye mwenyewe aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Wokovu wake ulifika mpaka mfukoni. Wako umefika wapi?

Yakobo 5:4 inaonya kwamba ujira wa mfanyakazi ukizuiliwa, Mungu husikia. Usimpelekee Mungu sifa zako na kilio cha mtunzi katika wimbo mmoja.

Kabla hujaingia studio wiki hii, mtafute mwenye mdundo. Omba ruhusa, mkubaliane bei, muandikiane. Kama wimbo ulishatoka, nenda ukatengeneze naye. Na kama huna pesa, tunga wako. Zaburi 33:3 inatuita kwenye wimbo mpya, tena tupige kwa ustadi.

Mtumie mwimbaji mmoja ujumbe huu. Amen.