Mwandishi Asingoje Jini Apande

Huku kwetu mwambao tukimsifu mshairi hodari husema kwamba ana jini. Yuko barazani amenyamaza, mara jini hupanda, naye huanza kumimina beti kama mfereji uliofunguliwa. Waarabu wa kale, kabla ya Uislamu, nao walidai kuwa kila mshairi ana shetani wake wa kumnong'oneza. Ni hadithi tamu ya kusimulia kwenye kahawa. Lakini mimi, baada ya miaka mingi ya kusoma tungo za watu na kuandika zangu, naona kuwa hadithi hii imewavunja moyo vijana wengi kuliko iliowatia. Anayeamini kuwa utungo huletwa na jini, siku jini asipokuja hana la kufanya ila kuweka kalamu chini na kungoja. Na wangojao, aghalabu, huzeeka wakingoja.

Wahyi ni jambo la Mitume, na mlango wake umekwisha fungwa. Sisi tuliobaki tuna wino, karatasi na saa ya kuamka.

Nayasema haya kwa sababu ya maswali niliyoulizwa hivi karibuni huko Homa Bay na Migori, nilikokwenda kwa mwaliko wa walimu wa Kiswahili nizungumze na wanafunzi wao juu ya insha na mashairi. Najua msomaji wa Kisauni au wa Lamu atauliza: ushairi na Homa Bay wapi na wapi? Huko si kwa Waluo, Wasuba na Wakuria, watu wa ziwa na mashamba ya miwa? Ndiko. Lakini tusiwadhanie wenzetu kuwa ni wageni wa kalamu. Pale Gendia, karibu na Kendu Bay, wamishonari wa Kiadventisti walifungua misheni mwaka 1906, na kufikia 1913 palikuwa na mtambo wa kuchapia maandishi ya Kijaluo. Katika nchi hiyo hiyo ya Karachuonyo, mwaka 1938, Paul Mboya, aliyekuwa chifu na pia mchungaji, alitoa kitabu kizima juu ya mila na desturi za Waluo, kwa lugha yao wenyewe. Na chifu wa zama za mkoloni alikuwa na kodi za kukusanya, kesi za kusikiliza na barua za Bwana DC za kujibu. Kile si kitabu cha mtu aliyekuwa amekaa bure.

Basi kila shule niliyoingia, swali la kwanza lilikuwa hilo hilo: "Mwalimu, ilhamu inapatikana wapi?" Na la pili: "Nifanyeje nikikwama?" Nilijibu nilivyoweza. Ila msichana mmoja wa Migori alisema neno lililonifuata njia nzima ya kurudi Mombasa. Alisema, "Mimi maneno ninayo, mzee. Lakini nikianza kuyaandika naona kama yuko mtu wa Mombasa nyuma ya bega langu, anasoma na kucheka."

Nitamrudia msichana huyu. Kwanza niseme juu ya kukwama.

Asubuhi moja huko Mbita nilikaa ufukweni na wavuvi wa dagaa, ambao wao huwaita omena. Samaki hawa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwekwa ikaelea juu ya maji, wadudu huifuata, dagaa nao huja, kisha wavu huzungushwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa; siku hizi wengi wana taa za betri na za umeme wa jua. Mwezi unapokuwa mpevu ziwa lote huwa na nuru, taa ya mvuvi haina mvuto tena, na dagaa hutawanyika. Nikamwuliza mmoja wao, mtu wa makamo, hufanya nini katika siku hizo za mbalamwezi. Alinitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. "Mzee, si nashona nyavu?"

Hakusema kwamba uvuvi umemtoka. Hakusema kwamba ziwa limemkataa, wala hakwenda kwa mganga. Anajua kwamba giza litarudi kwa hesabu yake, na anajua kuwa usiku litakaporudi, mwenye wavu uliotoboka atarudi pwani mikono mitupu ijapokuwa dagaa wamejaa. Sisi wa bahari tunalijua jambo hili pia. Kusi inapovuma kwa nguvu, majahazi yalikuwa yakipandishwa ufuoni, yakatiwa kalafati, yakapakwa deheni, na hapana aliyemwita nahodha mvivu.

Mshairi naye ana mbalamwezi yake. Kosa si kukosa ubeti siku hiyo. Kosa ni kuondoka ufukweni. Mimi sijambo jipya likinikataa, huchukua la mwaka juzi nikalihesabu mizani upya. Hunakili kwa hati safi. Huhifadhi shairi la mtu mwingine kwa moyo, nikatafuta ni wapi alipoweka pumzi yake. Ninalo daftari la maneno, ambamo huandika neno lolote nililolisikia kwa mpagazi, kwa bibi wa sokoni au kwa fundi seremala na ambalo sijalitumia bado. Siku ngumu hulifungua nikachagua moja, nikalitafutia sentensi. Huo wote ni ushonaji wa nyavu. Mara nyingi katikati ya kazi hiyo ya mkono, jambo lenyewe lililokuwa limejificha hujitokeza bila kuitwa. Na lisipojitokeza, angalau nimekaa saa yangu.

Nasema saa yangu, kwa kuwa hili la saa ndilo kubwa. Chuoni hatukuulizwa asubuhi kama tuna hamu. Ulishika ubao wako, kalamu yako ya mwanzi na wino uliochanganywa kwa masizi, ukaandika, ukasoma kwa sauti mpaka ukahifadhi, kisha ubao ukaoshwa na kesho yake ukaandikwa tena. Nimefikiri sana juu ya ule ubao ulioshwa. Ulitufundisha mambo ambayo mwalimu wetu hakuyataja: kwamba kuandika ni kazi ya kila siku kama kuteka maji, na kwamba maandishi ya leo si lazima yawe ya kudumu. Vijana wengi waliokwama, ukiwachunguza, hawakukosa la kusema. Wanataka mstari wa kwanza uwe wa kuchongwa kwenye jiwe. Wangekuwa na ubao wa kuosha wangeandika kumi.

Na Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha, ametufahamisha kuwa amali impendezayo Mungu zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ni ndogo. Sidhani nimevuka mpaka nikiichukua hekima hiyo nikaiweka juu ya meza ya mwandishi. Chukua ubeti mmoja kwa siku, baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355. Utendi aliouandika Mwana Kupona mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, hali mwenyewe ni mgonjwa, una beti mia moja na chache tu. Kwa mwendo wa ubeti mmoja kwa siku ungekwisha kabla ya miezi minne. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, kisha akaendelea kutumikia ofisi nyingine za serikali kwa miaka mingi, naye alikufa mwaka 1962 akiwa ametuachia zaidi ya vitabu ishirini. Utenzi wake juu ya vita vya 1939 hadi 1945 peke yake una beti 3,000. Wale wanaoniambia kwamba ofisi haiwapi nafasi, sijui wana ofisi gani.

Kijana mmoja wa Homa Bay alilalamika kwamba hana daftari la kufaa wala mahali pa utulivu. Nilimsimulia habari za Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wa kuipinga serikali, akakaa jela miaka mitatu. Humo ndani alitunga mashairi akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kitabuni kwa jina la Sauti ya Dhiki. Kijana alinyamaza. Sikutaka kumwaibisha, nilitaka ajue kwamba utulivu anaoungoja huenda usije.

Lakini tusiwe wakali kupita kiasi, tukasema kila aliyenyamaza ni mvivu. Upo ukame wa kweli. Naguib Mahfouz wa Misri, ambaye naye alikuwa mtumishi wa serikali mpaka alipostaafu mwaka 1971, na ambaye ratiba yake ilikuwa kama ya treni, alimaliza riwaya zake tatu kubwa za Cairo mwaka 1952. Mwaka huo huo mfalme akapinduliwa. Dunia aliyokuwa akiiandika ikaondoka, naye kwa miaka kama mitano hakuandika riwaya hata moja. Je, alikaa tu? Aliandika michezo ya sinema. Alibaki karibu na wino, na mwaka 1959 jina lake lilionekana tena, riwaya mpya ikitoka kwa sehemu katika gazeti la Al-Ahram. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1988. Lililo kubwa kwangu ni lile lililokuja baadaye. Mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 82, alichomwa kisu cha shingo, na mishipa ya mkono wake wa kulia ikadhurika. Mtu aliyekuwa akiandika kwa saa nyingi akawa hawezi kushika kalamu ila kwa dakika chache kwa siku. Basi akaandika kwa hizo dakika chache. Vikatoka visa vifupi vifupi vya ndoto, vingine mistari michache tu, hadi karibu na kufa kwake mwaka 2006.

Kutoka Homa Bay nilishika njia ya Rongo na Awendo hadi Migori, na kutoka hapo wenyeji wangu wakanipeleka Thimlich Ohinga, kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji. Ni maboma ya mawe yanayodhaniwa kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta zake mahali pengine hupita mita nne kwenda juu, na hamna chokaa wala udongo wa kushikiza. Sisi wenye Gedi na kuta za matumbawe na chokaa tukiona hivyo hushangaa zisiangukeje. Nilielezwa kwamba mawe makubwa yamepangwa upande wa nje na upande wa ndani, na katikati yamejazwa madogo madogo, na hayo madogo ndiyo yanayoshika. Jamii mbalimbali ziliishi humo kwa zamu, kila moja ikitengeneza palipolegea. Nilisimama pale muda mrefu kuliko walivyotarajia wenyeji wangu.

Sasa nirudi kwa msichana wa Migori na yule mtu anayecheka nyuma ya bega lake. Kwa ukame wa mwezi mpevu tuna dawa, nayo ni nyavu. Kwa kutaka ukamilifu tuna ubao wa kuosha. Kwa hofu ya kuchekwa yeye hana dawa peke yake, kwa sababu mchekaji si wa kubuni. Ni sisi. Mtu wa bara akikosea ngeli mbele yetu hatumsahihishi, twamwigiza. Akituma shairi gazetini, twalisoma kwa kidole tukitafuta kina kilichopotea, kisha twasema, "Ah, huyu si wa kwetu." Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010, mtoto wa Nyatike hufanyiwa mtihani kwacho sawasawa na mtoto wa Mvita. Lakini akishamaliza mtihani hutupa kalamu, na kicheko chetu kina sehemu katika kuitupa kwake.

Na wakati tukicheka, wetu nao hawaandiki. Wanadhani lugha hurithiwa kama shamba la minazi. Yule wa bara aandikaye kila alfajiri, kwa woga wake na ngeli zake zinazoteleza, baada ya miaka kumi atakuwa na vitabu. Wetu mwenye lafudhi nzuri atakuwa na sifa za barazani. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyekufa yapata mwaka 1840, zimetufikia kwa kuwa walikuwepo watu kama Mwalimu Sikujua waliojishughulisha kuzikusanya na kuzitia katika maandishi. Ni wangapi wa mtaa wa pili waliokwenda kaburini na zao?

Walimu wa shule moja huko Homa Bay wamekwisha anza: dakika kumi kabla ya kipindi cha kwanza, kila mwanafunzi na karatasi yake, hakuna alama, hakuna kusomewa mbele ya darasa asiyetaka. Wamenikabidhi baadhi ya kazi hizo. Mmoja ametunga juu ya mama yake anayeanika omena ufukweni na mawingu yanatanda. Mizani za ubeti wa tatu zimepungua mbili, na vina vya kati vimempotea kabisa, lakini ile mvua inayokuja nimeisikia. Nimemjibu kwa beti nne, kama ilivyo ada yetu malenga kujibizana, nikampelekea kwa mkono wa mwalimu wake. Nangoja lake.