Daraja la Busisi na Mwenye Baiskeli

Tarehe 19 Juni, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua rasmi Daraja la J.P. Magufuli, liunganishalo Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema. Daraja hilo lina urefu wa kilometa 3, na limekomesha foleni ya kungojea kivuko iliyowatesa wagonjwa na wafanyabiashara kwa miaka mingi. Tulishangilia pamoja na wananchi wenzetu, wala hatujutii shangwe ile. Hata hivyo, lipo jambo ambalo mwenye gari hawezi kuliona akiwa ndani ya gari lake.

Zamani kivuko kiliyavusha magari kwa mafungu. Fungu likiteremka Kigongo lilipita kwa kishindo, kisha barabara ikanyamaza hadi safari nyingine, na mwenye baiskeli akapata nafasi yake. Leo magari hayana pa kusimama. Malori ya Geita na mabasi ya Bukoba hupita mfululizo, na kwa mtu aliyefunga tenga la dagaa nyuma ya baiskeli, barabara ileile imekuwa barabara nyingine.

Mkazi wa Sengerema aendaye Mwanza kwa baiskeli anazo njia mbili za kupima. Ya kwanza ni ya Busisi, darajani, hadi Usagara, kisha Buhongwa, Nyegezi na Mkuyuni. Njia hii haimfungi mtu kwa saa za kivuko. Lakini kuanzia Usagara huingia katika barabara kuu ya Shinyanga, na hapo mwenye baiskeli husukumwa pembezoni kabisa. Ya pili ni ya Kamanga, ambako kivuko humpokea na baiskeli yake na kumteremsha katikati ya jiji akiwa amepumzisha miguu.

Sisi tunaona kwamba kwa asafiriye mchana bila haraka, Kamanga ndiyo njia bora. Tusidhaniwe kuwa tunalipinga daraja. Anayelitumia tunamshauri avuke asubuhi mapema, kwa kuwa alasiri upepo wa ziwa humpiga ubavuni, na pale juu hakuna mti wala kichaka cha kuuzuia.

Ndugu zetu wa Kome, Ukara na Ukerewe hawana hiari hiyo. Aendaye Bunda kutoka Nansio hupanga safari yake yote kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya, hata awe na miguu ya chuma. Kwake yeye, kuchagua njia ni kuchagua saa ya kuondoka nyumbani, ili kivuko cha mwisho kisiwe tegemeo lake la pekee. Tangu MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, na kupoteza maisha ya watu zaidi ya 200, hakuna mkazi wa visiwani anayehitaji kuelezwa hatari ya kung'ang'ania chombo kilichojaa. Afadhali kulala Kisorya.

Wanaohusika nao wana wajibu wao. TANROADS inapotengeneza barabara ya Usagara hadi Sengerema, ihesabu baiskeli kama inavyohesabu malori, na mabega ya barabara yawe mapana, yasiwe na kingo kali zinazomwangusha mtu anapokwepa basi. TARURA nayo iangalie mitaa ya nyuma kati ya Buhongwa na Mkuyuni, ambako njia tulivu ingeweza kuunganishwa bila gharama kubwa. Barabara ya Morogoro mjini Dar es Salaam ilitengewa njia ya baiskeli kando ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Lililowezekana kule haliwezi kuitwa anasa huku, ambako baiskeli ndiyo gari la mkulima na la mvuvi.

Aidha, saa za vivuko na nauli ya baiskeli zibandikwe katika kila gati, kwa maandishi yanayosomeka hata alfajiri.