Dini na Deni

Mtaani kwetu Tanga palikuwa na fundi baiskeli ambaye hakuna aliyepata kumwona msikitini wala kanisani. Alifanya kazi chini ya mwembe, na vifaa vyake vyote vilienea katika debe moja: spana, gundi, spoku, na tyubu kuukuu za kukatia viraka. Pampu yake aliifunga kwa mnyororo kwenye shina la mwembe, na kila mwenye tairi iliyopungua upepo alijaza akaenda zake bila kulipa. Kibandani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu kisichohusu baiskeli, nacho ni jembe. Lilikuwa jembe la maziko. Mtu akifa mtaani, awe Mwislamu au Mkristo, fundi alifunga kazi, akaliweka jembe begani, akatangulia makaburini. Alijua kuchimba kaburi la mwanandani na alijua kuchimba shimo la jeneza. Sala zikianza alisogea kando, akakaa kivulini akikwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti, mpaka watu watawanyike.

Mtaa huohuo ulikuwa na mwenye duka ambaye hakukosa safu ya mbele msikitini, na alama ya sijida ilikuwa imekolea katika paji la uso wake. Mama yangu aliponituma sukari kwake alinipa pesa pamoja na onyo: “Mwanangu, tazama kidole gumba chake.” Nami nilitazama. Kidole kilikuwa pale, kimelalia ukingo wa sahani ya mizani, kimetulia kana kwamba ndipo mahali pake.

Watu hawa wawili nimekaa nao moyoni miaka mingi. Kila nisikiapo watu barazani wakibishana kama binadamu aweza kuishi maisha mema bila dini, wao ndio hunijia kwanza. Nasema haya nikiwa mtu wa dini, niliyeingia chuoni kusoma Kurani kabla sijaingia shule, na nisiyetarajia kufa na imani nyingine. Hata hivyo dhamiri yangu hainiruhusu kusema uongo kwa ajili ya dini yangu. Yule fundi alikuwa mtu mwema. Sikuona kwake wema wa kubahatisha wala wa kuazima. Niliuona masika na kiangazi, tangu nikiwa mtoto mpaka nilipoota ndevu.

Lugha yetu yenyewe imelitambua jambo hili zamani. Tukitaka kumsifu mtu kwa sifa iliyo juu kabisa husema ana utu, na neno hilo limetoka katika mtu mwenyewe. Hatuulizi kwanza anasali wapi. Na tukimwona mkatili, aliyemfukuza mjane nyumbani au aliyekula mali ya yatima, husema “huyu hana dini,” hata kama jana tulisimama naye bega kwa bega katika swala. Kwa hiyo Mswahili wa kawaida, asiyesoma falsafa yoyote, anajua kwamba dini isiyoonekana katika mwenendo bado haijaingia ndani ya mtu.

Tena yako maneno mawili ambayo watu wa pwani hatuyapi nafasi ya kutosha vichwani mwetu: dini na deni. Yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu, na huko kwao yanatoka katika mzizi mmoja. Mimi naona hapo pana fundisho kubwa kuliko hotuba nyingi. Tumezoea kuichukua dini kama mali, kitu cha kujivunia na cha kumhesabia mwenzio kuwa hana. Lakini anayeshahadia, au anayebatizwa, ametia sahihi hati ya deni. Amekiri mbele ya watu kwamba anadaiwa ukweli, huruma na uadilifu. Asiye na dini akipunja mizani amefanya kosa moja. Mwenye dini akipunja mizani amefanya makosa mawili, la kupunja na la kuvunja ahadi aliyoitamka kwa ulimi wake.

Wala hili si wazo langu. Katika Kurani iko sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Katika Biblia nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakingoja siku takatifu ipite ili warudi kwenye mizani zao za udanganyifu. Na iko sura ndogo ya aya 7, Al-Maun, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema kwa ufupi wake. Inamkemea anayemsukuma yatima, na inawaonya watu wanaosali, naam, wanaosali, lakini wanamnyima jirani vitu vidogo vya nyumbani. Vitu hivyo ni nini kwetu sisi? Ni ndoo. Ni kinu na mchi. Ni mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mtoto wa jirani huja kuiomba magharibi akaambiwa haipo, na huku sauti ya mbuzi hiyo inasikika jikoni ikikuna.

Ndugu msomaji, kama unadhani nazungumzia mambo madogo ya sukari na nazi, twende Rwanda mwaka 1994. Katika mwezi wa Aprili, mauaji ya kimbari yalipoanza, Watutsi zaidi ya elfu moja walikimbilia kanisa Katoliki la Nyange, wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haitavunjwa. Ilivunjwa kwa tingatinga, nao wakiwa ndani. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa iliyokaa hapa kwetu Arusha. Mwaka 2006 alihukumiwa miaka 15, na mwaka 2008, baada ya rufaa, adhabu yake ikawa kifungo cha maisha. Nchi ile haikukosa makanisa, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa.

Katika siku zizo hizo, huko Ruhango, bibi mmoja mganga wa mitishamba, Zura Karuhimbi, aliwaficha watu zaidi ya mia moja katika nyumba yake duni. Wauaji walipokuja alijipaka majani yenye kuwasha, akayapaka na nyumbani kwake, ili kila amgusaye aungue ngozi na aamini kuwa ni mizimu. Aliwatisha kwamba akiingia mtu ameifungua hasira ya pepo juu ya kichwa chake, nao wakarudi nyuma. Alifariki mwaka 2018. Ningekuwa mimi ndiye mkimbizi wa siku zile, nikaambiwa nichague kati ya altare na uganga, nisingekawia kuchagua.

Najua jibu nitakalopewa: bila hofu ya Mungu, ni nini kitakachomzuia mtu gizani, pale asipoonekana na yeyote? Swali hili ni zito, na sitalipita mbio. Siku moja nilirudishiwa chenji iliyozidi sana. Niliihesabu nikiwa nimekwisha kutoka mlangoni, nikapiga hatua kumi, ishirini, nikaanza kujipa sababu. Kilichonigeuza ni aya niliyofundishwa utotoni kwa fimbo ya mpera. Kwa hiyo siwezi kuidharau hofu hiyo. Imeniokoa, nami nina hakika huwaokoa wengi kila siku bila kutangazwa. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mnamo 1858, alianza na dini, kisha mara moja akaingia katika adabu, kisha ukweli. Mama yule alijua kulea. Alijua kwamba mtoto anahitaji mahali pa kushika kabla hajaweza kusimama.

Lakini na fundi je? Usiku ule mfanyabiashara wa mahindi aliposahau mfuko wa pesa kwenye kapu la baiskeli aliyoleta kuzibwa pancha, nani alikuwa akimwona fundi? Alikaa kibandani mpaka saa nne, taa ya chemli imewashwa, ili mwenyewe akikumbuka amkute. Walio wengi kati yetu hurudishwa na hofu ya Mungu, naye alirudishwa na kitu kingine. Sisi tunaoamini kwamba kila jema latoka kwa Mungu ni nani hata tumnyime haki ya kumpa fundi sehemu yake kwa njia aitakayo? Kumwambia Mungu kwamba wema wake haupiti ila katika mlango wetu ni utovu wa adabu mbele yake.

Nawe usiye na dini usidhani nimekuandikia cheti. Mwenye dini ana saa inayomgutua: ana swala tano, ana Ijumaa au Jumapili, ana Ramadhani au Kwaresima, ana zaka inayomwambia kila mwaka kwamba asilimia 2.5 ya akiba yake ni ya watu wengine. Wewe una nini cha kukugutua? Moyo wa binadamu ni kama kisu cha jikoni, huwa butu kwa matumizi ya kila siku bila mwenyewe kutambua. Fundi alikuwa na jembe lake. Kila kifo cha mtaa kilimwita, naye aliitika. Tafuta jembe lako.

Na tulio na dini tutazame jinsi deni linavyolipwa. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera, kaskazini mwa Kenya, lilivamiwa na watu wa al-Shabaab. Waliwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Kila abiria alijua maana ya amri ile, kwa kuwa mwaka mmoja nyuma watu 28 walitengwa hivyohivyo katika basi jingine, wakauawa. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwatupia hijabu wenzao Wakristo wajifunike, na wavamizi wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, na mwezi uliofuata akafa. Yule alikuwa mtu wa dini, na alilipa deni lake lote, hakubakiza senti.

Basi mtoto akirudi kutoka chuoni au mafundisho ya Jumapili, usimuulize tu amefika juzuu ya ngapi au amehifadhi amri ngapi. Muulize kama ameirudisha ndoo ya jirani. Na wewe uendaye kijijini kununua viazi kwa lumbesa, ukimshindilia mkulima gunia mpaka liote kichwa kwa bei ya gunia moja, usikimbilie adhana. Kwanza mlipe.

Fundi alipofariki, mtaa uligawanyika. Hakuna aliyejua azikwe kwa dini gani, na vijana wakaanza kupandishiana sauti mbele ya maiti. Mwalimu wetu wa chuo, mzee aliyekuwa mkali kuliko wote katika mambo ya sheria, alisema wazi kwamba hawezi kumsalia mtu ambaye yeye hana hakika kama alikuwa Mwislamu. Kisha akaliomba lile jembe. Akavua kanzu, akaikunja, akampa mtoto aishike, akabaki na fulana na kikoi. Alichimba mpaka fulana ikamganda mgongoni, na alipochoka alimkabidhi mzee wa kanisa, naye akashuka shimoni.