Wapeni Udongo Kabla ya Kalamu

Sherbrooke, Kanada

Kwenu wamama na wababa wa Butembo na Beni kule Kongo, kwenu walimu wa gardiene, yaani shule za watoto wadogo, na kwenu bibi mnaobaki na wajukuu wakati wengine wako shamba au sokoni,

Amani tunayowaombea kila siku iwafikie, hasa ninyi wa upande wa Mbau, Oicha na Eringeti, ambao tangu Oktoba 2014 mmezika watu wengi mno waliouawa.

Ujumbe wenu kuhusu gardiene mpya umetufikia sisi wenzenu tulioko Kanada, na michango imeanza. Orodha ya mahitaji nimeisoma yote: madawati, ubao, madaftari, sare, ukuta. Sikuona palipoandikwa watoto watacheza saa ngapi, wala watachezea wapi. Watoto wenyewe, mmesema, ni wa miaka mitatu hadi mitano. Ndiyo maana naandika kwa wote, wazazi na walimu, kabla fundi hajapima uwanja.

Kazi yangu huku ni kulea watoto wadogo. Jimbo la Quebec lilianzisha vituo vyake vya malezi mwaka 1997, mzazi akilipa wakati huo dola 5 tu kwa siku, na sheria inasema mlezi mmoja asiwe na watoto zaidi ya watano kama hawajafikisha miezi 18, na wanane kama wamevuka umri huo lakini hawajafika miaka minne. Muongozo wa serikali unataka mtoto ajifunze kwa kucheza. Siku yetu inakwenda hivi: kupokelewa kwa jina, kunawa, kula kidogo, kucheza, kutoka nje hata theluji ikianguka, kula, kulala, kucheza tena. Wimbo wa kunawa ni ule ule kila siku. Mtoto wa miaka miwili hajui saa, ila wimbo ukianza anajua chakula kinakuja, na baada ya chakula kuna godoro, na baada ya godoro mama atarudi. Hapo ndipo anapoacha kulia mlangoni.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya nchi yenye pesa. Hapana. Yamefanyika kwenu, tena katika miezi mibaya kuliko yote.

Ebola ilitangazwa kwenu, Mangina, tarehe 1 Agosti 2018. Mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa watoto. Lakini kulikuwa na watoto wengine ambao hesabu hiyo haiwaonyeshi: mama anachukuliwa kwenda kituo cha matibabu, mtoto wake bado ananyonya, haumwi, lakini kwa kuwa ameguswa na mgonjwa lazima aangaliwe siku 21. Nani atambeba? Jirani anaogopa, shangazi anaogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. UNICEF na washirika wake wakafungua kreshi, nyumba za kulelea watoto, karibu na vituo vya matibabu, Beni na baadaye Butembo, na walioitwa kulea humo ni watu waliougua wakapona. Miili yao ilikuwa imepata kinga. Waliweza kumkumbatia mtoto ambaye wengine hawakuthubutu kumgusa bila glavu. Kwa Kifaransa waliitwa berceuses, wamama wa kubembeleza, na baadhi yao walikuwa wamefiwa na watoto wao wenyewe.

Fikirini kazi ile. Asubuhi mtoto anapimwa joto, anaogeshwa, ananyweshwa maziwa, anabebwa, anaimbiwa, anachezeshwa, analazwa, na kesho tena vile vile, kwa mikono ile ile. Mtoto hajui Ebola ni nini. Anachojua ni kwamba harufu ya mama imepotea, na anahitaji siku ambayo mambo yake yanafuatana bila kumshtua. Wanawake wale hawakuwa na shahada ya malezi. Walijua kwamba mtoto aliyeogopa hawezi kula vizuri mpaka abembelezwe, na aliyebembelezwa ataanza mwenyewe kunyoosha mkono atafute cha kuchezea. Kwangu mimi, hiyo ni elimu ya juu kabisa ya utoto, na nasikitika kwamba ugonjwa ulipokwisha hatukuiweka katikati ya gardiene zetu.

Tunachoweka ni kalamu. Nimetumiwa picha za madaftari ya watoto wa miaka mitatu, kurasa nzima za herufi a, na mwalimu amesahihisha kwa wino mwekundu. Simlaumu mwalimu. Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali imejaribu kulitekeleza hilo. Lakini gardiene haimo, mzazi analipa mwenyewe. Mama anayeuza lengalenga asubuhi hadi jioni ili alipe anataka aone kitu, na kitu kinachoonekana haraka ni daftari lililojaa. Mwalimu anampa anachotaka. Anayeumia ni mtoto, maana vidole vya miaka mitatu bado ni vilaini, havijapata nguvu ya kushika kalamu kwa nusu saa. Mpeni udongo. Butembo nzima ni udongo mwekundu, ule ule wa matofali. Akiukanda, akiuviringisha, akitengeneza ng'ombe na sufuria na chukudu, kile kigari chetu cha mbao, ndipo vidole vinapokomaa, na kalamu ikija atakuwa tayari.

Au chukueni ungo na maharagwe mchanganyiko. Nimefanya hivi na watoto wa hapa mara nyingi, na walijifunza zaidi kuliko kwa kadi zote za dukani. Mtoto anatenga meupe huku, mekundu kule. Muulizeni: wapi ni mengi? Ukichukua mawili yanabaki mangapi? Na lile lenye madoa utaliweka wapi? Atanyamaza, atafikiri, atalishika juu apate kuliona vizuri. Hapo anafanya hesabu, na tena anajifunza kusema kwa nini ameamua hivyo. (Kwa wale ambao hawajafikisha miaka mitatu, msiwape maharagwe kabisa, wanayatia puani. Wapeni viazi.)

Hata majina yetu, tunayopewa kwa mpangilio wa kuzaliwa, yanahesabu. Kambale anajua yeye ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Wapangeni uwanjani kwa kufuata majina, waruke mistari, waitane nani yuko mbele na nani nyuma, na mtakuwa mmefundisha mpangilio wa namba bila ubao. Wasichana wapeni nafasi ya kucheza nzango, mchezo wetu wa kuruka na kurusha miguu, kila siku, na wavulana nao wakitaka waingie. Mpira wa majani ya migomba watoto watautengeneza wenyewe. Msiwatengenezee.

Kwa Beni nina ombi la zaidi. Miongoni mwa watoto mtakaowapokea kuna waliokimbia usiku, wengine wakiwa mgongoni mwa watu wasio wazazi wao. Mtoto kama huyo akicheza vita, akiangusha nyumba ya udongo na kuijenga na kuiangusha tena, asichapwe wala asiambiwe anaharibu. Anajaribu kusema kilichompata. Kaeni karibu naye, msimuharakishe, na mchezo ukiisha mpelekeni akanawe na wenzake, wimbo ule ule wa jana.

Kuhusu pesa, nawaomba mpunguze ukuta na madawati. Mkeka unatosha. Kinachobaki kiende kwa mlezi wa pili katika kila darasa, na kwa uji wa saa nne. Na kama kati yenu yupo mmoja wa wale wamama wa kreshi za Ebola, ambaye leo anauza mkaa au hana kazi yoyote, mfuateni nyumbani kwake, mumuombe kwa heshima aje awe wa kwanza kuajiriwa. Mshahara wake wa mwaka mmoja, sisi wa huku tumekubaliana kuulipa.

Ndugu yenu wa Sherbrooke